Joto la Mwanzo

Mwalimu Rukia anahama Mji wa Kale. Habari hiyo ilinifikia kwa simu nikiwa kazini Shimanzi, katikati ya malori na vumbi la magunia, na aliyenipigia ni Khadija, ambaye tangu utotoni hajawahi kunipa habari yoyote kabla ya kuniuliza hali ya kila mtu nyumbani kwangu, hadi paka. Alipomaliza kuuliza akaniambia kwamba ngazi za nyumba ya mwalimu wetu zimemshinda, kwamba mpwa wake amempatia chumba kwenye flati yake kule Ganjoni, na kwamba Jumamosi wanafunzi wake wa zamani tulio karibu tutakutana kumsaidia kufunga vyombo na kunywa naye chai katika sebule ile ya juu. Halafu akaniambia jambo la pili: mwalimu anasahau. Hasahau funguo tu, anasahau na watu. Nilirudi kwenye ghala nililokuwa nikilikagua, lakini akili yangu ilikwisha kwenda zake. Mchana kutwa nilikuwa nikimfikiria mwanamke yule na mwaka mmoja, mwaka wetu wa kidato cha nne, ambao bila kutia chumvi ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo.

Shule yetu ilikuwa ndani ya nyumba kuukuu ya mawe, kwenye kichochoro ambacho mikokoteni miwili haikuweza kupishana. Maabara ilikuwa chini, chumba ambacho zamani kiliwekwa simsim, na siku za joto kali kuta zilikuwa bado zikitoa harufu yake. Kulikuwa na meza ndefu moja iliyochomwachomwa, dirisha moja la nondo, sinki lililovuja, na pangaboi lililoning'inia kutoka kwenye boriti likizunguka kwa kulalamika. Mwalimu Rukia akiingia alitundika buibui lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akakunja mikono ya nguo, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua nyanya. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na harufu ya udi ilimtangulia. Alikunywa chai ya moto bila kupuliza, jambo ambalo sisi tulilihesabu kuwa sehemu ya elimu yake. Na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine: kabla ya kutia kipimajoto ndani ya chombo chochote, alikigusa chombo chenyewe kwanza kwa nyuma ya mkono, vile mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Alituamuru nasi tufanye hivyo. Alisema mkono hauwezi kutoa namba, lakini utakuzuia usiandike namba ya kipumbavu.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni ile ya joto la mimenyuko, yaani joto linalotoka au kuingia wakati vitu viwili vinapokutana na kugeuka vitu vingine. Nasikia siku hizi watoto wanaiogopa kwa sababu ya jina lake, enthalpi, na mimi nasema wanaiogopa kwa kuwa hawakufundishwa na Mwalimu Rukia. Yeye aliitoa mfukoni. Alikuja na kifurushi cha mrututu, yale mawe ya buluu yanayouzwa kwa wauza dawa za kienyeji, akayayeyusha majini mpaka maji yakawa na rangi ya bahari ya Lamu kwenye kalenda, kisha akamwagia unga wa zinki. Tulitazama buluu ikififia na unga mwekundu wa shaba ukitulia chini, na tulipogusa gilasi kwa nyuma ya mkono, ilikuwa imepata joto bila moto wowote. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na nilihisi kama nimeonyeshwa mlango ndani ya ukuta. Hesabu yenyewe, alisema, haina uchawi. Chukua uzito wa maji, zidisha kwa nne nukta mbili, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha joto ambacho gramu moja ya maji huhitaji ili ipande nyuzi moja, kisha zidisha kwa nyuzi zilizopanda. Hilo ndilo joto lililotoka. Ligawe kwa kiasi cha mrututu uliotumika. Halafu mbele ya jibu weka alama ya kutoa, ambayo tuliisahau kila siku naye kila siku akatukumbusha: maji yamepata, lakini mrututu na zinki wamepungukiwa, na hesabu ni yao si ya maji.

Jaribio letu la kwanza peke yetu lilikuwa Januari, kaskazi ikivuma, jasho likitudondokea kwenye karatasi. Mwalimu alikusanya kazi zetu, akazisoma amesimama, na nikaona nyusi zake zikipanda. Wote, bila kuambizana, tulikuwa tumeandika kwamba maji yalianza na nyuzi ishirini na tano. Akatuuliza kwa upole uliotutia hofu, "Nambiani, hiyo ishirini na tano mumeiona wapi?" Khadija, ambaye hakuwahi kuogopa mtu, akamjibu kuwa imo kitabuni. Kweli ilikuwemo, kitabu kiliandikwa na watu wa nchi za baridi, na kila mfano ndani yake ulianza na ishirini na tano. Sisi tulikuwa tumeona thalathini na mbili kwa macho yetu, tukadhani kipimajoto ni kibovu, au Mombasa ndiyo mbovu, tukairekebisha kwa adabu. Mwalimu Rukia hakucheka, ingawa nadhani alitamani. "Kitabu kiko kwao, nanyi muko kwenu," akasema. "Joto la mwanzo ni lile mulilolikuta. Andikani mulichokiona kwa mato yenu." Mpaka leo nikiona ripoti iliyonyooka kupita kiasi, namuuliza kijana aliyeiandika kama amekwenda kutazama au ameketi tu ofisini.

Kila Jumamosi ya mwaka ule alituita nyumbani kwake. Sebule ya juu ilikuwa na mikeka, kabati la vikombe, saa ya ukutani iliyokwenda mbele kila mara, na dirisha lililokaribiana na la jirani kiasi kwamba mtu angeweza kupokea chumvi kwa mkono. Tulifanya hesabu chini huku yeye akipika jikoni, akitoa kichwa mlangoni kusahihisha kwa mwiko. Siku moja alituita wote tukasimama kulizunguka jiko la makaa. Wali wa nazi ulikuwa umekaribia kukauka, naye akaweka mfuniko, akachota makaa akayapalia juu yake kama wafanyavyo wanawake wote wa Mvita, kisha akatuuliza kwa nini. Tukasema ndivyo inavyofanywa. Hakutaka jibu hilo. Akatufanya tufikiri mpaka tukasema wenyewe: kwamba joto la chini linapanda na kutokea juu, na makaa ya juu yanaliziba njia. Ndipo akatoa makopo matupu ya maziwa na makumbi ya nazi, akatuonyesha namna ya kufunga kikombe cha plastiki ndani ya kopo na kuyashindilia makumbi pembeni, ili joto la mrututu lisitukimbie kabla hatujalipima. Jirani, Bi Fatma, aliyekuwa akifuatilia yote kutoka dirishani kwake, akauliza inakuwaje sufuria moja ya wali ihitaji wasichana wote hao. Mwalimu akamjibu kwamba mmoja apika, wengine waandika. Wali ule tuliula na samaki wa kupaka, mikono yetu ikinuka makumbi, na sijala wali mwingine nikaukumbuka hivyo.

Lakini alituonya kwamba hata makumbi hayatoshi. Joto fulani litapotea tu, hasa kwa mmenyuko wa polepole kama huu, kwa sababu wakati mrututu bado unaendelea kutoa, hewa tayari inachukua. Namba ya juu kabisa utakayoiona kwenye kipimajoto, alisema, si joto lote. Kwa hiyo akatufunza kusoma kipimajoto kila nusu dakika, kabla ya zinki na baada yake, na kuchora grafu. Joto linapanda, linafika kilele, linaanza kushuka taratibu kwa mstari ulionyooka. Mstari huo wa kushuka unauwekea rula, unaurefusha kurudi nyuma, hadi ile dakika uliyotia zinki. Pale unapoifikia dakika ile, ndipo penye joto ambalo maji yangepata kama hakuna kilichopotea. Nilimuuliza tunawezaje kuandika joto ambalo hakuna aliyeliona, wakati yeye mwenyewe ametuambia tuandike tulichokiona. Alifurahi kwa swali hilo kuliko kwa jibu lolote nililowahi kumpa. Akaniambia kuwa mstari hauzuliwi. Unatokana na nukta, na ukidanganya katika nukta moja mstari wote utakuumbua. Tulichora grafu hizo mpaka Khadija akasema ataolewa na rula.

Februari nilitumwa ofisini kuchukua chaki. Mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa wa pazia tu, nami nikasimama nje nikisubiri wamalize, maana ndani kulikuwa na mazungumzo. Mwalimu mkuu, mzee mwema aliyependa amani kuliko kitu chochote, alikuwa akieleza kwamba chumba kile cha chini kingefaa kwa cherehani. Wazazi wanauliza, alisema, mabinti zao wataifanyia nini kemia. Shule nyingine zina maabara za kweli, na sisi tukipeleka majina ya wasichana kwenye somo hilo halafu wote waanguke, ni aibu ya nyumba. Akapendekeza kwamba kabla ya majina kupelekwa, tupewe mtihani wa majaribio wa vitendo, na usahihishwe na mtu wa nje. Tukishindwa, kemia ifutwe na sisi tuandikishwe ushoni. Nilimsikia Mwalimu Rukia akiweka kikombe chake mezani. Kisha akasema, "Mlete umtakaye. Wanangu wajua kupima." Nilirudi darasani bila chaki. Nilitaka kemia kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani. Nilitaka kusomea dawa na vitu vinavyochanganywa, na mimi hata kifungo nikikishona hutazama upande. Nilimwambia Khadija, Khadija akawaambia wengine, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyefanya mzaha tena na rula.

Msahihishaji aliletwa kutoka shule moja ya upande wa Ganjoni, Mwalimu Charo, mtu mrefu wa kutoka bara ya Kilifi, mwenye tai shingoni siku ambayo hata mbuzi walitafuta kivuli. Utaratibu ulikuwa kwamba mwalimu wa somo hulifanya jaribio yeye mwenyewe kabla ya wanafunzi, na namba zake ndizo za kulinganishia. Mwalimu Rukia alilifanya jana yake, mlango umefungwa, pangaboi limezimwa, kikombe ndani ya makumbi. Asubuhi ya mtihani Mwalimu Charo alikuja na sanduku la gilasi za shule yake, zote sawa, akasema kwa haki ya kila mtu tutatumia hizo na si makopo. Halafu akafuta jasho, akatazama juu, akawasha pangaboi mpaka mwisho. Mwalimu Rukia alikuwa mlangoni. Kwa kanuni hakuruhusiwa kuingia wala kutuambia neno, na hakutuambia. Alitazama pangaboi, akatutazama sisi, akachukua buibui lake msumarini akaondoka.

Nilitia zinki, nikakoroga, nikasoma. Kwa muda wote wa mazoezi ya makopo maji ya mrututu yalikuwa yakipanda nyuzi tisa na nusu. Sote tuliijua namba hiyo kama tunavyojua majina yetu. Sasa upepo ulipiga gilasi tupu, na kipimajoto kikasita baada ya kupanda nyuzi nane, kikaongeza kidogo sana, kikaanza kurudi. Niligusa gilasi kwa nyuma ya mkono. Mkono ukaniambia kwamba hata hiyo nane ni kweli. Mbele yangu kulikuwa na jedwali lenye visanduku vitupu, na kichwani mwangu kulikuwa na namba nzuri ambayo ingenibakisha na kemia. Hakuna aliyeweza kunena na mwenziwe. Nilimwona msichana wa mbele yangu akiandika, akifuta, akiandika tena mpaka karatasi ikatoboka. Mgongo wa Khadija haukuniambia chochote. Nikaandika nane na kitu, nukta baada ya nukta, zote chini ya zile nilizozizoea, nikihisi ninajiandikisha mwenyewe ushoni. Kisha nikachora grafu, nikaweka rula kwenye mteremko, nikaurudisha mstari nyuma.

Matokeo tuliyapata alasiri ile ile, tumeketi kwenye ngazi za ndani, mlango wa maabara ukiwa wazi. Mwalimu Charo hakuwa mtu mbaya na sauti yake ilikuwa ya huzuni alipomwambia mwalimu mkuu kwamba wasichana wote wana namba ndogo, hakuna hata mmoja aliyekaribia kilele cha mwalimu wao, kwa hiyo safu nzima ya vipimo ameikata. Mwalimu mkuu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, kwamba basi tumejua. Mwalimu Rukia, aliyekwisha kurudi, hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba zile karatasi zitandazwe mezani kwenye ukurasa wa grafu. Akachukua rula, akaiweka juu ya mstari wa Khadija, akafuata kwa kidole mpaka dakika ya zinki: nyuzi kumi juu ya joto la mwanzo. Akaweka juu ya wangu: kumi kasoro kidogo. Akaweka juu ya karatasi iliyotoboka, ambayo ilikuwa imetoboka pale mwenyewe alipofuta tisa na nusu akarudisha nane: kumi. Akazipitia zote hivyo, bila haraka, na mwisho akatandaza yake ya jana, iliyofanywa na makumbi bila upepo, nayo mstari wake ukarudi kwenye kumi.

Pangaboi likaendelea kulalamika juu yao. Mwalimu Charo akavua tai. Akachukua gilasi, akapima mrututu, akatia zinki, akafanya jaribio lote yeye mwenyewe chini ya upepo ule ule huku sote tukichungulia mlangoni, na kipimajoto chake kikasita baada ya kupanda nyuzi nane na kitu. Alitabasamu, na ndiyo sababu namkumbuka kwa heshima hadi leo, kwani wengi wangekasirika. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mzee, hawa wangeweza kuniandikia namba ambayo nilitaka kuiona," akasema. "Hakuna aliyefanya hivyo. Siwezi kuwafuta." Mwalimu mkuu alitutazama pale mlangoni, akatazama meza, akasema cherehani zitatafutiwa chumba kingine. Mwalimu Rukia alitupita kwenye ngazi akaenda kunawa mikono sinkini, na alikaa pale muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Tulijua analia, na tukamwachia maji yake.

Sikuwa mtengeneza dawa. Maisha yalinipeleka kwenye maghala ya Shimanzi, ambako kazi yangu ni kuhakikisha kwamba vitu visivyopatana havilazwi pamoja. Chokaa mbichi ikivujiwa na mvua hutoa joto la kuweza kuwasha gunia la jirani yake, na kabla ya kupima chochote, wafanyakazi hunicheka wakiniona nimegusa gunia kwa nyuma ya mkono. Namna yenyewe ya kukokotoa ni ile ile: uzito, nne nukta mbili, nyuzi zilizopanda, na alama ya kutoa. Nimewahi kukaa mikutanoni na watu wenye shahada ndefu kuliko majina yao, na bado kipimo changu cha msomi ni mwanamke mmoja aliyejua kwamba wanafunzi wake wanaingia mtegoni, akachukua buibui lake akaondoka, kwa kuwa alituamini.

Jumamosi ile aliyonitajia Khadija, sebule ilikuwa nusu tupu. Vikombe vilikuwa ndani ya maboksi, mikeka imekunjwa, ile saa imeteremshwa na kuacha duara jeupe ukutani. Mwalimu Rukia alikuwa ameketi, amevaa vizuri, karibu na dirisha lililotazamana na la Bi Fatma, ambaye hayupo tena; harufu ya udi ni ile ile. Tulimwamkia mmoja mmoja, naye akatuitikia kwa ukamilifu wa zamani, akatuuliza hali na hali ya watu wetu, halafu akamuuliza Khadija kwa adabu kama sisi ni wageni wa nani. Khadija akageukia dirishani. Nikamimina chai, nikaketi mkekani miguuni pake, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikamhadithia. Nikamwambia juu ya maabara iliyonuka simsim, juu ya mrututu na makumbi, juu ya pangaboi na msahihishaji mwenye tai, nikamwambia juu ya karatasi iliyotoboka. Alisikiliza ameinama, kama anayesikiliza habari za mji mwingine. Nilipofika kwenye mtihani akanizuia kwa kidole.

"Nao wale wasichana, waliandika nini?"

"Waliandika walichokiona, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Basi walifunzwa," akasema. "Mwalimu wao ni nani?"

Nikamwambia ni yeye. Nikamtajia jina lake lote, na jina la kichochoro, na jina langu. Alinitazama kwa muda mrefu, na siwezi kusema kwamba alinitambua, kwa sababu sikuliona hilo. Nilichokiona ni kwamba alinyoosha mkono akagusa kikombe cha chai kwa nyuma ya vidole, akakiacha, kisha akaugusa uso wangu vivyo hivyo.

"Nambia tena, mwanangu," akasema. "Anzia joto la mwanzo."

Khadija akaja akaketi nasi mkekani. Nikamwambia ilikuwa Januari, mwalimu, kaskazi ikivuma, na maji yalikuwa na nyuzi thalathini na mbili.